Mlimani wamemwita, chuo kingine kitamlipia. Binti yangu aende wapi?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala. Zimebaki siku sita za kuamua jambo hili, na kila ninayemuuliza ananijibu haraka kana kwamba namuuliza rangi ya kanga.

Naishi Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, njia ya Iringa. Mume wangu ni fundi uashi. Kazi zikiwepo tunakula vizuri, zisipokuwepo tunategemea shamba langu la zabibu, ekari moja na robo niliyoachiwa na marehemu baba. Tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mwaka mzuri, nikishatoa dawa, samadi na vibarua, linaniachia kama milioni mbili. Mwaka mbaya hata milioni haifiki. Nina watoto wanne. Wa kwanza anajitegemea, wa tatu yuko kidato cha tatu, wa mwisho darasa la tano.

Wa pili ndiye anayeninyima usingizi, kwa heri. Amemaliza kidato cha sita mwaka huu, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), daraja la kwanza pointi tano. Matokeo yalipotoka bibi yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Tangu akiwa mdogo anasema atakuwa wakili. Aliomba vyuo vitatu, akachaguliwa viwili, vyote shahada ya sheria, vyote miaka minne. Cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Cha pili ni chuo binafsi hapa hapa Kanda ya Kati. Hicho cha pili kimemwandikia barua kwamba kitamlipia ada yote na kumpa kitanda hosteli bila malipo, mradi GPA yake, yaani wastani wa alama zake, isishuke chini ya 3.5. Chakula, vitabu na nauli ni juu yetu.

Mlimani hakuna ufadhili. Ada na michango tumepigiwa hesabu kama milioni moja na nusu kwa mwaka. Ameomba mkopo, lakini majina ya mkopo yatatoka baada ya muda wa kuthibitisha chuo kupita. Anatakiwa achague kimoja kwa ile namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu. Akithibitisha Mlimani, ule ufadhili anapewa mtoto mwingine, na mkopo hatujui kama atapata wote, nusu, au atakosa.

Kaka yangu anaishi Chanika, Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyenisaidia sana watoto wakiwa wadogo, neno lake nalisikiliza. Anasema, "Dada, usimzike mtoto. Mlimani ni Mlimani. Huko kwenye chuo cha msaada akimaliza nani atamjua?" Anasema binti atakaa kwake bure, sisi tutafute ada tu. Ameshanitafutia na mtu wa kununua shamba la zabibu, amefika milioni tisa. Zikipungua, anasema tutakopa.

Mume wangu yeye anasema cha bure ni cha bure, mjadala wa nini. Lakini akisema hivyo namuona binti anainamisha kichwa. Nikimuuliza yeye mwenyewe ananijibu, "Mama, mtakavyoamua." Juzi nilikuwa napanga vitu vyake nikakuta daftari la kidato cha tatu. Kwenye jalada ameandika jina lake, na chini yake, "Mwanafunzi wa Sheria, Mlimani." Nililia, Shangazi.

Naogopa kuuza shamba la baba. Naogopa zaidi mtoto wangu aje kuniambia siku moja kwamba nilikuwa na uwezo wa kumpeleka nikachagua zabibu.

Mama wa Mpunguzi

Marahaba, mdogo wangu. Na hongera sana kwako na kwa fundi. Pointi tano za HGL zinatoka kwenye akili ya mtoto na kwenye jasho la mzazi, na jasho lako nimelisoma humo kwenye barua.

Kwa kuwa siku ni sita, nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Usiuze shamba. Binti athibitishe chuo kilichompa ufadhili, lakini baada ya kupata kwa maandishi majibu ya maswali nitakayokutajia hapa chini. Majibu yakija mabaya, uamuzi unabadilika, na hilo nalo nitalieleza.

Naanza na kaka yako, kwa sababu hakukudanganya. Mlimani ni Mlimani. Chuo kile kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, na kilianza na kitivo kimoja tu, nacho ni sheria, wanafunzi 13. Kabla hatujawa na chuo kikuu chetu wenyewe mwaka 1970, tayari walikuwa wanafundisha wanasheria pale. Wamekaa katika madarasa yale watu waliokuja kuwa majaji, mawaziri na mawakili wakubwa wa Afrika Mashariki nzima. Kuna maktaba kubwa, kuna walimu waliobobea, kuna wenzake watakaokuja kuwa na ofisi za uwakili mjini na kukumbukana. Mzazi anayelitamani jina hilo kwa ajili ya mwanawe hana kosa, na binti aliyeliandika kwenye daftari lake hana ushamba. Yeyote atakayekwambia vyuo vyote ni sawa anataka tu ulale mapema.

Ninachokuomba ni kuuliza jina lile litamfanyia nini mtu anayetaka kuwa wakili, na litamfanyia lini.

Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Wahitimu wa sheria wa vyuo vyote nchini, wa Mlimani na wa chuo ambacho kaka yako hajawahi kukisikia, wakitaka uwakili wanakutana kwenye mlango mmoja: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Shule ya Sheria. Wanasoma mambo yaleyale, wanafanya mitihani ileile. Huenda unakumbuka kelele za mwaka 2022 matokeo yalipotoka. Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine 342 walipewa sapu, yaani mitihani ya kurudia, na 265 waliondolewa kabisa. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza kulikoni. Watoto wale hawakutoka chuo kimoja. Walikuwa na vyeti vyenye majina makubwa na majina madogo, na karatasi ya mtihani haikumuuliza mtu alikotoka. Kilichotakiwa pale ni mtu aliyesoma miaka minne akiwa ametulia.

Na sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Shule ya Sheria iko Dar es Salaam, barabara ya Sam Nujoma, jirani kabisa na Mlimani. Binti yako akiwa wakili wa kweli, Dar es Salaam atakwenda tu. Swali lako si kama aende Dar au asiende. Swali ni mwaka gani aende, na akifika mfuko uwe na nini. Mkiuza shamba ili aende sasa, mwaka wa tano, ule wa mwisho na wa hatari kuliko yote, utamkuta hana kitu.

Tupige hesabu pamoja, chukua daftari. Tuseme mkopo amekosa na anakaa kwa mjomba. Ada milioni moja na nusu. Nauli ya daladala na chakula cha mchana, weka 5,000 kwa siku, siku za masomo 160 kwa mwaka: 800,000. Jumla milioni mbili na laki tatu kwa mwaka, miaka minne ni milioni tisa na laki mbili. Shamba lako ni milioni tisa. Yaani zabibu za baba yako zinaisha akiwa bado hajavaa joho, na sijaweka kitabu, sijaweka kompyuta, sijaweka kuugua. Akipanga karibu na chuo ni mbaya zaidi. Wanafunzi wenye mkopo wamekuwa wakihesabiwa 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Kwa miezi minane ni milioni mbili na laki nne, kwa miaka minne ni milioni tisa na laki sita, na hapo ada hujaigusa.

Chuo cha ufadhili: ada hakuna, kitanda hakuna malipo. Chakula akijipikia, na wewe ukimpelekea unga wa mtama, mafuta ya alizeti, kunde na mlenda mkavu, laki na thelathini kwa mwezi inatosha bila anasa. Ongeza vitabu na nauli, mnafika kama milioni moja na robo kwa mwaka. Mwaka mzuri shamba linailipa na kubaki. Mwaka mbaya mtakaza mkanda, fundi atakwenda kibarua cha mbali, pengine mbuzi watakwenda mnadani Msalato. Sikuahidi wepesi. Lakini baada ya miaka minne shamba bado lipo.

Tena kuna jambo ambalo nadhani hamjaliona kwa sababu macho yote yako kwa binti. Hesabu miaka ya yule wa kidato cha tatu. Mwakani yuko cha nne. Akienda vizuri, atamaliza cha sita mwaka uleule dada yake anaomaliza shahada. Mwezi dada anapotakiwa kuingia Shule ya Sheria, mdogo anatakiwa kuingia chuo kikuu. Wawili kwa mpigo! Sasa hivi ada za shule za serikali zimeondolewa, za msingi na kidato cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, kwa hiyo shamba linabeba sare, michango na madaftari na halilalamiki. Miaka minne kutoka leo ndipo utakapolihitaji kuliko siku yoyote tangu ulirithi. Ukiliuza kwa huyu, umemlipia mmoja kwa mali ya watatu.

Kuhusu Chanika, naomba kaka yako asinielewe vibaya. Kumpa mpwa kitanda ni upendo. Lakini Chanika na Mlimani ni ncha mbili za jiji. Binti ataamka gizani, atabadilisha daladala, atarudi usiku, na mwanafunzi wa sheria kazi yake ni kusoma kurasa nyingi akiwa na akili iliyopumzika. Wengi wanaoanza hivyo hawamalizi muhula, wanahama wakapange karibu na chuo, na hapo ndipo gharama inapozaliwa. Nakuambia kama mama kwa mama: binti wa miaka kumi na tisa aliye Dar es Salaam bila nauli na bila chakula cha jioni anapata marafiki wa kumsaidia haraka sana, na si wote wanaotaka asome. Nimepokea barua za wasichana hao. Wengi walikuwa hodari kama wako.

Nami ninalo langu. Kaka yangu aliyenitangulia alipata nafasi chuo chenye jina kubwa miaka ya tisini, wakati wanafunzi walipoanza kuchangia gharama. Baba akauza ng'ombe saba wa kwetu Kondoa. Walimpeleka mpaka mwaka wa pili. Akarudi nyumbani na sanduku lake akisema ameahirisha, na hakurudi tena. Hakufeli hata somo moja. Mpaka leo watu wakimsifu kwamba alisoma chuo fulani ananyamaza, kwa sababu jina la chuo analo na cheti hana. Ng'ombe wale wangeweza kumsomesha chuo cha kawaida na kumsomesha na mimi. Sijawahi kumlaumu baba, alitaka tulicho nacho kitupeleke juu. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mzazi anauza mali yote kwa mwaka wa kwanza, moyo unanienda mbio.

Sasa mkopo. Siuogopi mkopo wa elimu ya juu, usiufananishe na zile kausha damu za mitaani. Hulipwa ukishapata kazi, mshahara unakatwa asilimia 15 kila mwezi, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inavimbisha deni iliondolewa mwaka 2021. Ningekuwa na hakika kwamba binti yako atapata mkopo kamili, ada na bumu, ile pesa ya kujikimu ya kila siku, ningekuambia mpeleke Mlimani, na ningekuambia kwa furaha. Deni lile lingekuwa lake, la baadaye, na shamba lisingeguswa. Shida ni mpangilio wa tarehe. Anatakiwa kuchagua leo, jibu la mkopo linakuja kesho. Akichagua ufadhili na mkopo ukatoka, amekosa jina. Akichagua jina na mkopo ukagoma, amekosa vyote viwili, na hapo mnunuzi wa shamba hatatoa tena milioni tisa, atatoa sita, kwa sababu atajua mna haraka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hii ya Mlimani kwa leo iko mbali.

Kuna kitu kimoja cha uaminifu hapa: kama anapokea ufadhili, fomu ya mkopo iseme hivyo. Aulize kama anaweza kupata mkopo wa chakula na vitabu pekee, lakini asifiche.

Maswali niliyokuahidi ni haya, na usiyaulize kwa simu. Panda gari uende chuoni na binti, ombeni kuonana na anayehusika na ufadhili, mrudi na karatasi yenye muhuri. Muulize kama ufadhili ni wa miaka yote minne au unaombwa upya kila mwaka. Barua ikisema "kulingana na upatikanaji wa fedha," simama hapo hapo uulize ikitokea fedha hazikupatikana nani analipa. Halafu hiyo GPA ya 3.5. Kwa ngazi za vyuo vyetu, 3.5 ndipo daraja la pili la juu linapoanzia. Si mchezo, na mwaka wa kwanza wa sheria huwa unawakwaza hata waliozoea kuongoza. Je, wanapima kila mwaka peke yake, au jumla ya miaka? Akishuka muhula mmoja anapewa nafasi ya kujirekebisha, au anapewa ankara? Akiugua akaahirisha mwaka, ufadhili unamsubiri? Na akimaliza, anadaiwa kuwatumikia mahali popote? Mwisho kabisa, hakikisha kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwamba shahada yao ya sheria imeidhinishwa. Chuo kuwa halali hakutoshi, kozi yenyewe iwe halali, kwa sababu Shule ya Sheria haitampokea mwenye shahada isiyotambuliwa.

Wakijibu kwa kuzungukazunguka, wakiwa hawawezi kuandika hata hayo, basi huo si ufadhili, ni chambo cha mwaka wa kwanza, na namba ya siri aiweke Mlimani. Hata hapo shamba usiuze. Mtasubiri mkopo, ukija pungufu mtakata rufaa, na ikishindikana kabisa ataomba kuahirisha mwaka. Mwaka mmoja wa kungoja unauma, lakini haufukuzi mtu shuleni.

Kuna la "nani atamjua," lile neno la kaka yako. Lilikuwa na uzito zaidi zamani, kila ofisi ya maana ilipokuwa Dar es Salaam na mtoto wa Dodoma alikuwa mtu wa mbali. Tazama sasa. Wizara ziko Mtumba, Bunge lipo, makao makuu ya Mahakama yamehamia Dodoma. Mafunzo ya vitendo ambayo mwanafunzi wa sheria anayatafuta, binti yako anaweza kuyafanya akilala nyumbani kwenu na kula ugali wako, wakati wenzake wa Dar ndio wanapanda treni ya mwendokasi kuja huku kutafuta chumba cha kupanga. Na kazi za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, watu wanaandika usaili wa mchujo ukumbini, mamia kwa mamia, wanapangwa kwa alama. Ofisi binafsi za mawakili wakubwa mjini, hizo bado zinaangalia jina, sitakuficha. Akitaka kuingia huko atahitaji ufaulu mkubwa zaidi ya mwenzake wa Mlimani, na pengine shahada ya pili. Hiyo ya pili anaweza kuisoma Mlimani kwenyewe. Jina lile halina tarehe ya mwisho.

Nimeacha binti mwisho, na ndiye mwenye jambo.

"Mama, mtakavyoamua" ni jibu la mtoto mwenye adabu anayeona wazazi wamebanwa. Usilichukue kama ridhaa. Akienda chuo cha ufadhili akiamini amepelekwa kwa sababu ni cha bure, atasoma kama mtu aliyeadhibiwa, na 3.5 hataipata. Baba yake aache neno "bure" kabisa. Chuo hakitoi bure, kimemchagua yeye kati ya wengi kwa sababu ya pointi zake tano, na hilo aambiwe na baba kwa mdomo wake. Wewe kesho mwite, mkae wawili, umwambie umeliona daftari. Usiogope. Mwambie, "Najua ulichokuwa unakitaka, na kinaniuma." Halafu mpe kalamu apige yeye hesabu hizi, aweke namba zake, asahihishe zangu nilipokosea. Anataka kuwa wakili, mpe kesi. Muulize mwaka wa tano atautoa wapi. Ukimaliza, nyamaza, hata kama atalia. Alie. Ni ndoto ya miaka, haizikwi kwa dakika tano.

Na akirudi akisema bado anataka Mlimani, msikilize sababu zake mpaka mwisho. Huenda kuna jambo mimi na wewe hatujaliona. Ila msimamo wa shamba usitikisike, kwa sababu lile ni la watoto wote watatu, na hilo nalo alijue.

Kwa kaka yako nenda na heshima zako zote. Usimwambie amekosea. Mwambie unamuomba kile kitanda cha Chanika akiweke, miaka minne, kwa ajili ya mwaka wa Shule ya Sheria, na kwa sasa kama ana uwezo amsaidie mpwa wake kompyuta, hata iliyotumika. Mjomba anayependa kweli atakubali, na utakuwa umempa kazi ya maana kuliko udalali wa shamba.

Mavuno ya mwezi huu yasiguswe kwa jambo lingine lolote. Godoro, sufuria, ndoo, nauli na chakula cha miezi miwili ya kwanza vitoke humo. Yule mnunuzi mpigie wewe mwenyewe, usimwachie kaka, mwambie shamba haliuzwi. Kisha niandikie tena ukishatoka chuoni na ile karatasi, unitajie wamesema nini kuhusu GPA.

Shangazi